Kidudu cha Mauti Nyumbani kwa Thirkell

Ko. Ko-ko. Ko.

Bibi Dorcas Thirkell hakufumbua macho. Alilala chali, blanketi kidevuni, akaisikiliza sauti ikimpandia kupitia mbao za sakafu. Ko-ko-ko. Kimya. Ko. Ilikuwa sauti ndogo, kavu, ya haraka, kama ukucha wa mtu anayejaribu ubao wa jeneza.

"Nakuja," akaiambia. "Usinihimize."

Ngazi zikalia. Keturah, mke wa mwanawe, akaingia na kikombe cha chai na mkate uliopakwa mafuta ya nyama. Sauti ilikuwa imekoma.

"Umekisikia?" mama mkwe akauliza.

"Nini, Mama?"

"Kidudu cha mauti. Kimo kwenye boriti, hapa hapa chini ya kitanda changu. Kimegonga tangu kupambazuka. Ajabu yake, kila ukipanda wewe kinanyamaza."

"Labda kinaniogopa."

"Hata mimi ningekuwa kidudu ningekuogopa. Chai hii haina sukari."

Katika mji wa Hull hakuna aliyekibishia kidudu cha mauti. Kikigonga ndani ya mbao za nyumba, mmoja wa nyumba hiyo anaondoka. Bibi Dorcas ndiye aliyekuwa mzee kuliko wote pale, basi hakuona haja ya kuuliza ni nani. Tangu Pasaka alikuwa akifa kwa utaratibu. Alikuwa ameshona gauni jeupe la kuzikiwa, amefuma soksi nyeupe, amechagua nyimbo, na amewaaga wanawake wa kanisani, ambao walimletea mchuzi wa mifupa kila wiki na kurudi makwao wakisema hajapata kuonekana mwenye afya kama sasa.

Na alikuwa amenunua paja la nguruwe. Hilo ndilo lililokuwa kubwa. Mtu wa heshima huzikwa kwa paja la nguruwe: waombolezaji wakitoka makaburini waikute nyama iliyokaushwa kwa chumvi imekatwa vipande vyembamba mezani. Anayezikwa kwa mkate na jibini husemwa mtaani hadi kwa wajukuu. Paja la Bibi Dorcas lilining'inia stoo ndani ya kitambaa, na kila Jumamosi alimtuma Keturah akalitazame, kana kwamba nalo lingeweza kumtangulia.

"Enoch yuko wapi?"

"Yuko chini, anafunga waya. Leo ndiyo siku ya wakubwa wa kampuni, Mama."

"Nilimwita jana. Nilimwita juzi. Nilisimama mlangoni nyuma yake, Keturah, karibu kama nilivyo karibu nawe, nikamwita kwa jina nililompa mwenyewe. Hakugeuza hata shingo."

"Ana mawazo mengi."

"Ana kiburi kingi. Nimemlea kwa kufua nguo za wavuvi, vidole vikanuka samaki mpaka kanisani. Leo ni bwana wa simu. Anasema na mtu aliyeko gatini bila kutoka sebuleni kwake. Mama yake yuko juu ya kichwa chake tu, lakini hana waya, basi hasikiki."

Keturah alikuwa na jibu la maneno hayo, nalo lilikuwa fupi sana. Alichukua kikombe, akashuka na jibu lake.

Jibu lenyewe ni kwamba Enoch Thirkell alikuwa kiziwi.

Alianza utotoni kwenye telegrafu, ile simu ya kugonga, ambako mtu husikiliza mapigo mafupi na marefu ya chuma na kuyaandika kuwa maneno. Alikuwa na sikio ambalo watu walikuja kulitazama. Baadaye alilaza nyaya chini ya Bahari ya Kaskazini, kisha akapelekwa kulaza nyingine katika nchi za joto, ambako homa ilimlaza yeye. Waganga walimnywesha kwinini, dawa ya homa, kijiko baada ya kijiko. Homa ikaondoka. Baada yake, polepole, mwaka hadi mwaka, masikio nayo yakaondoka, yakamwachia mvumo mmoja usiokoma kama wa bahari iliyofungiwa ndani ya chupa. Wakati huo ndipo ilipozuka simu mpya, simu ya kusema. Enoch aliunda zake kwa mikono yake, akazifunga katika maghala na ofisi za Hull, na watu wakamwita fundi wa ajabu. Kwamba mtu aliyeufundisha mji mzima kusikiliza waya hasikii mwenyewe, hilo lilijulikana na watu wawili tu, nao walilala kitanda kimoja.

Keturah kabla ya kuolewa alikuwa karani wa telegrafu. Ofisi haikuweka wanawake walioolewa, kwa hiyo siku ya harusi alipata mume na kupoteza kazi kabla ya chakula cha mchana. Lakini vidole havikusahau. Alivaa kastabani, kile kikofia cha chuma cha mshonaji, akagonga nacho juu ya meza ya sebuleni, na Enoch akaweka kiganja chake kwenye mbao akasoma. Kazini alitazama midomo, akajibu machache, na watu wakamsifu kwa utulivu. Nyumbani meza ndiyo iliyosema. Meza iliegemea ukuta, ukuta ulibeba boriti, boriti ilibeba kitanda cha Bibi Dorcas. Hiyo ndiyo njia nzima kiliyopita kidudu cha mauti.

Keturah alilijua hilo tangu wiki ya kwanza. Alinyamaza, kwa sababu kumwambia Bibi Dorcas siri ni sawa na kuibandika kwenye mlango wa kanisa.

"Mama anaendeleaje?" Enoch aliuliza alipomwona mkewe ameketi. Alisema kwa sauti kubwa mno. Keturah akashusha mkono, naye akaweka kiganja kifuani kuipima sauti yake, akaipunguza.

"Anakusalimu," Keturah akagonga.

"Hajashuka siku nyingi. Nitapanda jioni, haya mambo yakiisha."

"Utapanda. Sasa sema, tutawalisha nini? Kuna samaki wa kukaushwa tu."

"Bwana Wilberfoss hali samaki wa kukaushwa. Alianza maisha kwa kuwatembeza kwenye kikapu. Ukimwekea mezani atadhani unamkumbusha."

Walitazamana. Bwana Wilberfoss alikuwa mwenyekiti wa kampuni. Nyumba ile ilikuwa ya kampuni. Siku hiyo angekuja kuisikia simu mpya ya Enoch, iliyokuwa na sauti safi kuliko zote zilizotangulia. Ikimpendeza, Enoch angekuwa mhandisi mkuu na nyumba ingebaki yao. Isipompendeza, au akigundua lolote, wangetoka. Walikuwa wamelizungumza jambo hilo mpaka meza ikawa na alama.

"Paja," Enoch akasema.

"La Mama?"

"Tutanunua jingine kabla hajafa."

"Unajua atakufa lini?"

"Mama? Mama atatuzika sote, Keturah, na kila mmoja wetu atazikwa kwa mkate na jibini."

Keturah akaenda stoo na kisu.

Wakubwa walikuwa wawili. Bwana Wilberfoss aliingia kwanza, akifuatiwa na tumbo lake kwa maana ya kwamba alipogeuka kuangalia ukuta tumbo liligeuka baadaye. Alikuwa na masharubu yaliyofunika mdomo wote, msiba mkubwa kwa mtu anayetegemea midomo. Nyuma yake alikuja mzee mwembamba, mkono wa kulia mfukoni mwa koti.

"Huyu ni Bwana Stathers kutoka York," alisema mwenyekiti. "Mshauri wetu. Hasemi sana. Ndiyo maana ushauri wake ni ghali."

Waliketi chini ya picha ya Malkia. Keturah alimimina chai, akagawa nyama, kisha akakaa karibu na ukingo wa meza na shati la kushona mapajani, kastabani kidoleni, kama mke yeyote mwema. Enoch aliketi ameweka kiganja mezani.

"Hivi waya huu hautakatika wakati wa barafu?" Bwana Wilberfoss akauliza, au masharubu yaliuliza.

Ko-ko. Ko. "Anauliza barafu. Waya."

"Hautakatika," Enoch akajibu. "Nimeuachia ulegevu kidogo kwenye nguzo. Ukisinyaa kwa baridi, una nafasi."

"Safi. Anawaza kabla ya kujibu, umeona, Stathers? Vijana wengi hujibu kabla sijamaliza."

Mambo yakaenda vizuri kiasi kwamba Keturah akaanza kustarehe, na mwanamke mwenye akili akistarehe huongeza maneno yake. "Masharubu yana siagi," akagonga. Enoch akatazama chai yake kwa bidii. "Mkono wa kushoto wa mzee mkavu una pete kubwa kuliko kichwa cha mwenyewe. Kafika kipande cha nne. Huyu ndiye mwombolezaji haswa, amekuja kabla ya maiti."

Bwana Stathers aliacha kutafuna. Akaitazama sahani yake, akakitazama kidole cha Keturah, akaitazama pete yake mwenyewe. Kisha akaendelea kutafuna, polepole zaidi.

"Sasa," mwenyekiti akasema, akijipangusa. "Bi Thirkell, tunashukuru sana kwa nyama. Utuwie radhi. Mambo ya biashara hayataki sindano."

"Nitakaa kando tu, Bwana Wilberfoss. Nina kazi ya kumshikia mume wangu kisikilizio cha pili cha simu. Sitasema neno."

"Hivyo ndivyo wanavyosema wote. Mke wangu alisema hivyohivyo kanisani siku ya harusi. Kisikilizio atashika Stathers. Nenda mama, nenda, sufuria zako zinakuita."

Keturah alimtazama mumewe. Enoch hakuwa ameyasoma masharubu, lakini aliuona uso wa mkewe. Keturah akagonga neno moja tu, wakati akiinuka: "Natolewa." Mlango ukafungwa nyuma yake. Alisimama jikoni, mgongo kwenye mlango, mbele ya sufuria ambazo hazikuwa zikimwita hata kidogo.

Simu ilikuwa kisanduku cha mti mweusi, kikiwa na visikilizio viwili kwenye kamba. Bwana Wilberfoss mwenyewe aliweka kimoja sikioni, akamsikia karani wa gatini akimwamkia, akapiga kelele "Yuko humu ndani!" kama mtoto aliyeona sarakasi, kisha akakumbuka cheo chake. Alimkabidhi Enoch kisikilizio hicho, na cha pili akampa Stathers, aliyekibana kati ya sikio na bega.

"Karani atasoma maneno niliyomwandikia. Thirkell utayarudia moja moja kwa sauti. Nataka kujua kama mtu wa kawaida anaweza kufanya biashara kwa kitu hiki bila kuuziwa mkaa badala ya makaa ya mawe. Anza."

Enoch aliweka kisikilizio sikioni. Bahari yake ya kwinini ikavuma kama ilivyovuma jana. Nyuma ya bahari hiyo, mahali fulani, karani alikuwa akisoma. Enoch aliona ukutani alama ya unyevu ambayo angepaswa kuitia chokaa. Alifikiri kwamba sasa hataitia. Kiganja chake kilikuwa juu ya meza kwa sababu ya mazoea tu, kama mkono wa kipofu unavyobaki begani mwa kiongozi aliyekwisha kufa.

Meza ikagonga.

Haikuwa kastabani. Ilikuwa kitu kizito, na mkono wenyewe ulikuwa mzito, unaojikwaa kwenye mapigo marefu. Lakini ulisema vizuri kabisa: "Meli."

"Meli," Enoch akasema.

"Ya shayiri imefunga gati."

"Meli ya shayiri imefunga gati. Imefunga leo. Nahodha anataka wapakuaji kabla ya maji kupwa."

Hakuinua macho. Mtu anayevuka daraja la ubao mmoja haulizi ni nani aliyeuweka.

"Endelea," Bwana Wilberfoss akasema.

"Paka wa mwenyekiti," Enoch akasema, akasimama kidogo, kwa sababu alidhani amesoma vibaya. Meza ikarudia. "Paka wa mwenyekiti ana mimba."

Bwana Wilberfoss alipiga paja lake. "Hilo sikuliandika, nilimnong'oneza karani tu! Nilisema, mtu akikisia habari za meli, hawezi kukisia habari za paka wangu. Stathers, umesikia vivyo hivyo?"

"Vivyo hivyo," akasema mzee, macho darini. Mkono wake wa kushoto ulikuwa kwenye ukingo wa meza, na pete ile kubwa iligusa mbao.

Enoch aliiona pete. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Kampuni haitoi ahadi kabla ya kikao," mwenyekiti akasema, akinyoosha mkono, "lakini kama ningekuwa mke wako, bwana mhandisi mkuu, ningeanza kuchagua mapazia." Akaushika mkono wa Enoch, akautikisa, kisha akajikatia nyama nyingine.

Juu, Bibi Dorcas alikuwa amesikia yote. Hakusikia maneno, alisikia kidudu. Na safari hii hakikuwa kile cha siku zote, chepesi na chenye haraka. Kilikuwa kizito, cha polepole, kama mtu anayebisha hodi akijua atafunguliwa. Basi ndiyo siku, akasema. Akavaa gauni lake jeupe la kuzikiwa, akavuta soksi nyeupe, akafunga kofia chini ya kidevu, akalala, akamwita mwanawe.

Akamwita tena.

Alipomwita mara nyingi kiasi cha kuona aibu mbele ya kuta, alisikia harufu. Akaketi kitandani. Pua yake ilikuwa haijafa hata kidogo.

Mlango wa sebule ukafunguliwa. Enoch alikuwa ameupa mlango mgongo, akikunja waya. Bwana Wilberfoss aliinua macho akaona maiti imesimama kizingitini.

"Enoch," maiti ikasema.

Enoch akaendelea kukunja waya.

"Enoch, nimekuita." Kisha akaiona meza. "Na hilo ni paja langu."

Uma wa Bwana Wilberfoss ulikuwa nusu ya safari. Haukujua uende mbele au urudi.

"Mnakula matanga yangu," Bibi Dorcas akasema, "na mimi mwenyewe nimesimama."

"Ni nyama nzuri sana, bibi," mwenyekiti akasema. Aliona kwamba mtoto hageuki mama yake anaposema, lakini hakushangaa. Naye alikuwa na mama. "Vijana wa leo, unajua. Shughuli."

Bibi Dorcas hakumjibu. Alikuwa akiutazama mgongo wa mwanawe, na sauti yake ikashuka, jambo ambalo majirani wasingeliamini.

"Miezi mitatu ninakufa juu ya kichwa chako. Sikutaka daktari. Sikutaka maua. Nilitaka useme 'naam, Mama', basi. Ulipokuwa baharini nilikuita pia, jikoni peke yangu kama mjinga, na sikukasirika, kwa kuwa nilijua uko mbali. Sasa uko mbali wapi, mwanangu? Uko chini ya kitanda changu."

Akaanza kulia bila sauti. Keturah alikuwa ametokea nyuma yake kutoka jikoni, mikono yote miwili mdomoni. Meza ilikuwa mbali naye.

Ni nyuso zilizomwambia Enoch. Aliinua kichwa, akamwona mwenyekiti na uma wake, akamwona mzee Stathers amefumba macho, akageuka. Mama yake alikuwa katika nguo nyeupe za kaburini, midomo ikitetemeka kiasi kwamba haisomeki. Enoch hakujua alichosema. Aliweka kiganja mezani. Hakumtazama mtu, alikiweka tu, akangoja.

Pete ikagonga. "Anasema amekuita miezi mitatu. Anasema humjibu kwa kiburi. Anasema anakufa."

Neno moja lingetosha. Angesema, "Samahani, Mama, kazi nyingi," angembusu shavuni, Bwana Wilberfoss angecheka, na kesho yake kungekuwa na mhandisi mkuu, mapazia mapya, na kizee mmoja juu ya ngazi ambaye angekwenda kaburini akijua amezaa mtu wa kiburi. Enoch alikuwa na muda wa kulifikiri hilo. Alilifikiri. Uso wake ulionyesha hesabu nzima.

"Mama," akasema, na safari hii hakukipima kifua chake, vikombe vikalia kwenye visahani, "mimi ni kiziwi. Sikusikia hata mara moja. Ni kiziwi kabisa."

"Amesema nini?" Bwana Wilberfoss akauliza, ingawa mtaa mzima ulikuwa umesikia.

"Amesema ni kiziwi," akajibu Stathers.

"Haiwezekani. Amesikia habari za paka."

"Paka nilimgongea mimi." Mzee akautoa mkono wa kulia mfukoni, akauweka mezani. Vidole vilikuwa vimejikunja kama makucha ya kuku aliyechinjwa. "Ugonjwa wa kazi yetu. Nilikuwa telegrafu tangu mtoto. Mkono ulipokufa niliuficha, nikagonga kwa wa kushoto na kujifanya nina haraka. Aliyenigundua ndiye aliyepewa kiti changu. Nimekaa hapa tangu tumeanza kula nikisoma meza hii, Wilberfoss. Sijafurahia mazungumzo ya watu hivyo kwa miaka."

Keturah akatafuta mahali pa kutazama.

"Kwa hiyo nimedanganywa ndani ya nyumba yangu mwenyewe," mwenyekiti akasema. "Mhandisi wa simu asiyesikia! Washindani wetu wa Leeds watatucheka mpaka wapate kikohozi."

"Simu umeisikia kwa sikio lako. Inafanya kazi au haifanyi?"

"Simu inafanya kazi. Simu tunaichukua." Akasimama, akatafuta kofia. "Sina ubaya na mtu. Lakini kampuni haiwezi kuajiri masikio yasiyokuwapo. Nyumba itahitajika ifikapo sikukuu ya Mikaeli, mwisho wa Septemba." Alifika mlangoni, akarudi, akala kipande kilichobaki kwenye sahani yake, kwa kuwa kilikuwa kimekwisha kukatwa, kisha akatoka.

Bwana Stathers alichelewa kuvaa koti, kwa sababu ya ule mkono. Keturah akamshikia mkono wa koti bila kusema.

"Kuna kituo cha nyaya za baharini pwani ya kusini," mzee akasema, akimtazama Enoch usoni na kutamka kwa midomo iliyo wazi. "Ujumbe ukitoka ng'ambo unafika umechoka, hauwezi kugonga chochote. Unasukuma nukta ya mwanga tu kwenye karatasi ukutani. Watu hukaa chumba cha giza wakaifuata nukta kwa macho. Huko masikio ni ya kutundikia kofia. Nitawaandikia. Siahidi kitu. Mshahara ni nusu ya huu."

"Ahsante, bwana," akasema Enoch.

Mzee akageuka kwa Keturah. "Na vilikuwa vipande vitatu, bibi. Si vinne."

Walibaki watatu mezani, na mfupa. Bibi Dorcas alikuwa ameketi kwenye kiti cha mwenyekiti katika gauni lake la kaburi.

"Basi kile kidudu," akasema.

Keturah akainua kidole chenye kastabani. Akagonga meza. Ko-ko. Ko.

Bibi Dorcas alikitazama kidole hicho.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, Mama. Nilikuwa nasema naye."

"Na ulijua nasikia."

"Nilijua. Nikakuacha ufe. Niliogopa ungesema kanisani."

"Ningesema," Bibi Dorcas akakiri. "Ningesema siku hiyo hiyo." Akafikiri. "Kwa hiyo sifi?"

"Si kwa sasa, Mama."

"Wale wanawake wameniletea mchuzi tangu Pasaka. Mchungaji amenitaja madhabahuni. Nitawaambia nini? Kwamba nilikuwa naitwa na kastabani?" Akasukuma sahani. "Na paja limekwisha. Nimefilisika pande zote mbili."

Enoch alikuwa akiwatazama, kiganja mezani. "Anasema nini?"

"Anahuzunika kwamba hafi," Keturah akagonga.

Bibi Dorcas akanyoosha mkono. "Nipe hicho." Akaivua kastabani kidoleni mwa mkwewe, akaivaa, ikamtosha kwenye kidole kidogo. Akagonga meza kwa nguvu, bila mpango, kama anayefukuza kuku. Enoch akatazama mbao, akamtazama mkewe.

"Hilo silo neno," akasema.

"Ni neno," mama yake akasema. "Mwambie nimesema Enoch."

Keturah akagonga kwa ukucha: "Amesema Enoch."

Enoch akainamisha kichwa kuitazama meza.

"Mwambie pia," Bibi Dorcas akasema, akichezea kastabani, "si jambo kubwa. Niulizie tu. Hapa mezani sawa. Lakini nikiwa kitandani, nikamwita, atajuaje? Maana siku moja itakuwa kweli, Keturah. Sitaki kuiita ngazi."

Keturah aligonga yote, polepole, bila kupunguza kitu. Enoch alisoma mpaka mwisho. Kisha akainuka, akauokota waya aliokuwa akiukunja, ule ambao kampuni ilikuwa haijaja kuuchukua, akauvuta mkono kwa mkono hadi mguuni pa ngazi, akapima kwa macho kwenda juu. Akarudi akapiga magoti mbele ya kiti. Alisema kwa sauti kubwa mno, na jirani akapiga ukuta kwa ngumi, na hakuna aliyemwashiria apunguze.

"Mama, nyumba yoyote watakayotuhamishia, hata ikiwa ya chumba kimoja, waya wa kwanza nitakaouvuta utatoka kitandani mwako hadi mkononi mwangu. Wewe gonga. Ukigonga hata mara moja, hata ikiwa ni kwa sababu ya sukari, nitakuja."